Waliniuliza Mbele ya Baba Mkwe

Watu wakituona mimi na binti yangu kwenye kibanda chake cha ushonaji pale Elerai, tunabishana kwa mikono juu ya kola au lesi, hawakosi kuuliza. Wanaanza kwa kusikitika, "Jamani, msichana mzuri hivi!" Halafu wanasogea karibu: "Alizaliwa hivyo?" Zamani nilikuwa nameza mate na kutazama pembeni. Siku hizi nawajibu kwamba mimi niliulizwa vibaya. Basi wanadhani mama mtu ndiye mgonjwa, wanachukua nguo zao na kuaga.

Leo nieleze mpaka mwisho. Na asije mtu akaniambia nipunguze hasira. Nimeipunguza miaka yote hii, na kilichobaki ndicho hiki.

Nilizaliwa Kijenge, kwa wazazi Walutheri waliohamia mjini kutoka Kilimanjaro, nikaolewa Kikwe kwa Wameru. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka tuliyoyazoea matupu yalijaa sabuni na vitenge, mitumba ikamwagwa chini sokoni kwa marobota, maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona ya mji, na watalii wakaanza kuja kwa wingi. Mume wangu akapata kazi ya kuwaendesha. Wakati wa masika watalii ni wachache, kwa hiyo mwezi wa tano alikuwa nyumbani, anarekebisha zizi na kunitania siku nzima. Ikifika Juni anapanda gari, anapotelea porini, na mimi nasikia habari zake kwa madereva wenzake.

Nyumbani nilibaki na baba mkwe. Mama mkwe alishafariki kabla sijaolewa. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, mtu safi, hanywi wala hagombi, na sitamsingizia ubaya wowote. Lakini kulikuwa na adabu zake. Mkwe na baba mkwe hawazoeani. Nilikuwa nampelekea chakula, naweka kwenye stuli, nasema shikamoo baba nimeinamisha kichwa, naondoka. Mambo ya tumbo la mwanamke hayatajwi mbele yake hata kwa kuzunguka. Na mimba changa haitajwi mbele ya mtu yeyote. Unakaa nayo kimya mpaka tumbo lijiseme lenyewe, maana ukiitangaza mapema ikatoka, watu utawaambia nini? Kila kitu kilikuwa ruksa miaka ile, isipokuwa mkwe kusema ana mimba.

Mwezi wa saba, tukiwa tunavuna mahindi, kikohozi kikanikamata. Nilikohoa mpaka mbavu zikauma, nikakonda, na siku moja nikatema damu juu ya mabua. Baba mkwe aliiona. Alikwenda akavaa koti lake la kanisani, akanipeleka hospitali mjini, kwa sababu mume wangu hakuwepo, na mgonjwa wa kifua alitakiwa awe na ndugu wa kumsimamia asije akaacha dawa njiani. Hapo alifanya la maana, na nalisema wazi.

Makohozi yakapimwa, nikakutwa na kifua kikuu. Tukaelekezwa kwa tabibu kijana aliyeweka meza yake barazani, na wagonjwa wamejipanga kwenye benchi refu wakitusikiliza kama wako kwenye mahubiri. Baba mkwe akasimama pembeni ya kiti changu, kofia mkononi. Tabibu alijaza kadi bila kuinua macho. Umri? Nikajibu. Kijiji? Nikajibu. Umeshawahi kutibiwa kifua? Hapana.

"Una mimba?"

Aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile aliyoulizia kijiji.

Nilikuwa nimepitisha mwezi, na wa pili ulikuwa unaelekea kupita. Nilijua. Baba mkwe aligeuza uso akatazama Mlima Meru, aibu imempanda mpaka shingoni, na mtu aliyeshikwa na aibu anataka iishe upesi. Akajibu yeye.

"Hana. Mume wake yuko porini na watalii."

Eti yuko porini! Kama vile mwezi wa tano haukuwepo duniani. Tabibu akaandika kwamba sina, akageuza kadi, akaita mwingine. Kesho yake nikaanza kuchomwa sindano kwenye kituo cha afya kilicho jirani na kwetu.

Na usiniambie kwamba wewe ungesema. Njoo ujifunge kanga zangu, ukae kwenye kile kiti, mzee wa kanisa amekusimamia kichwani na benchi zima limetega masikio, halafu useme. Wengi nimewasamehe, lakini wanaoniambia "si ungemnong'oneza?" sijawasamehe, na sina mpango. Nani aliniambia kwamba swali lile ni la sindano? Mimi nilidhani ni la kadi, kama lile la kijiji. Walitaka kujaza, wakajaza.

Nilichomwa asubuhi kwa asubuhi, kalio hili leo, kesho lile. Kichwa kilikuwa kinazunguka nikiinuka, nikaambiwa ni udhaifu, nile mayai. Tulipoanza kuchoma mabua shambani sindano zikaisha, nikabaki na vidonge. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Tumbo nalo likawa limejisema lenyewe, na hakuna mtu pale kituoni aliyeona haja ya kurudi kwenye ile kadi.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa pili, jua kali, watu wakitayarisha mashamba kungoja masika. Mtoto mzima, mzuri, ana nywele tele. Na mtulivu, jamani! Siku ya ubatizo wake tarumbeta za kanisa zililia mlangoni mpaka bati likatetema, yeye amelala mgongoni kwangu kama yuko peke yake ulimwenguni. Akina mama walinipongeza. "Huyu amekuja na amani," walisema. Na mimi mjinga nikajisikia fahari. Nikikumbuka zile pongezi mpaka leo natamani kutupa kitu.

Alipofika umri wa kuita mama hakuita. Nikaangusha sufuria nyuma yake kwa makusudi, hakugeuka. Nikaangusha tena. Jioni ile nilikaa jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Ukoo haukulia. Ukoo ulitafuta sababu, na sababu ilikuwa mimi. Mara nilileta ugonjwa kutoka mjini. Mara, na hili ndilo walilolipenda, nilikunywa dawa ya kutoa mimba, kwa kuwa mume yuko porini na mimba ni ya mtu mwingine, dawa ikashindwa kuitoa ikaharibu masikio. Waliyasema kisimani, wakayasema harusini. Mume wangu aliniambia nisiwasikilize. Kuwanyamazisha hakuwanyamazisha, na hilo nalo liliniuma.

Mtoto alipokaribia miaka mitatu nilimpeleka mjini kwa daktari wa masikio, mwanamke wa makamo, Mwislamu mwenye asili ya pwani, mpole wa maneno. Alimpigia makofi kisogoni, akagonga chuma, akachungulia masikio kwa kurunzi.

"Mama, hasikii," akasema. "Yote mawili."

Nilikuwa najua, lakini nililia kama ndiyo kwanza nasikia. Akaningoja. Kisha akavuta fomu moja, akanieleza kwamba ni ya kutoa taarifa za dawa zinapomdhuru mtu, na kwamba yeye kila akipata mtoto kiziwi anauliza habari za dawa, kwa sababu kuna sindano zinazoua masikio.

"Mtoto alichomwa sindano gani kabla hamjagundua?"

"Hakuna. Hata kulazwa hajalazwa."

Penye dawa akaandika: hakuna. Penye kuulizwa kama mgonjwa ni mjamzito akapiga mstari, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa mapajani kwangu ananyonya kidole. Akaiweka fomu pembeni. Ilikuwa imekwisha, na kila neno lililokuwamo lilikuwa kweli.

Ningeondoka zangu. Lakini mimi nikilia nakohoa, mpaka leo ni hivyo. Daktari akaniuliza kama nina kifua. Nikamwambia kilishapona zamani, nilichomwa sindano nikapona.

Mkono wake ukasimama. "Ulichomwa lini?"

Mimi tarehe hazinikai. Nikamwambia nilianza tukivuna mahindi, nikamaliza tukichoma mabua. Mtoto je? Mwezi wa pili uliofuata, watu wakilima. Alirudi nyuma kwa vidole, mdomo unatembea bila sauti, halafu akamtazama binti yangu.

"Ulikuwa naye tumboni."

"Nilikuwa naye."

"Na hawakukuuliza?"

"Waliniuliza mbele ya baba mkwe."

Alifumba macho. Sikuhitaji kumfafanulia, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Akanieleza taratibu kwamba hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu, watoto wengine hupotewa na masikio kwa mambo mengine, ila sindano niliyochomwa inajulikana kwa kuharibu masikio, na inapita kwa mama mpaka kwa mtoto. Mjamzito mwenye kifua hachomwi hiyo. Anapewa vidonge vingine badala yake, na anapona vilevile.

"Inajulikana?" nikauliza.

"Inajulikana."

Ruwa wangu! Nilimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani kwetu, na sikuwa namwomba, nilikuwa namgombeza. Ukoo mzima umenipaka matope, nimeitwa malaya na muuaji kwa nyakati tofauti, nimejichunguza mpaka nimekaribia kuwaamini, na jambo lenyewe linajulikana! Liko kichwani mwa mtu anayekunywa chai yake hapa hapa mjini. Nilipiga meza kwa kiganja. Mtoto alihisi mtikisiko akanitazama, akacheka.

Daktari akairudisha ile fomu mbele yake, akaanza kuandika pembezoni, herufi ndogo ndogo, kwamba mama alichomwa sindano za kifua kikuu akiwa na ujauzito wa mtoto huyu.

"Kwa nini unaandika kwenye ukingo?"

"Hakuna mahali pa mama, mama. Fomu inamhusu mgonjwa, na mgonjwa ni mtoto."

"Inakwenda wapi?"

"Dar es Salaam."

"Na huyo wa Dar es Salaam akiangalia penye dawa?"

Wote wawili tulijua. Ataona hakuna. Atageuza, atachukua nyingine. Binti yangu atakuwa mtoto aliyepotewa na masikio bila dawa yoyote, kwa amri ya Mungu, na mwanamke mwingine atakalishwa kwenye kiti kile kile barazani.

"Andika katikati," nikamwambia. Sikumwambia naomba. "Kata hiyo hakuna, uandike sindano yangu hapo hapo, kubwa, asiweze kuiruka."

Angeweza kunifukuza. Alichukua fomu nyingine, akaanza upya. Penye dawa akaiandika ile sindano, na mbele yake akaandika kwamba aliyechomwa ni mama, mtoto akiwa tumboni. Penye mimba hakupiga mstari.

Nyumbani nilimwambia mume wangu, akakaa chini, akashika kichwa, akalia. Siku nyingine nilimwomba amfikishie baba yake, maana mimi nisingeweza. Jibu la mzee likarudi: "Ile sindano ndiyo iliyomponya, sasa anaitukana?" Nilinyamaza vibaya, kama sufuria yenye kifuniko kizito.

Sasa, kwenye boma lile lile alikuwepo mke wa shemeji yangu mdogo. Mumewe alikuwa anachimba madini Mererani na alikuja nyumbani mara chache, na moja ya mara hizo alikuja anakohoa. Mke mwenyewe alikuwa msichana mwembamba, mwenye aibu, ananiita dada. Mimba yake ya kwanza ilitoka, na ukoo ulijua, kwa sababu alikuwa ameisema. Haukupita mwaka baada ya mimi kutoka kwa daktari, naye akaanza kukohoa. Na asubuhi moja nikamkuta nyuma ya jikoni anatafuna udongo, ule mweupe unaouzwa sokoni, na midomo yake imekuwa myeupe.

"Mdogo wangu, una mimba."

"Sina, dada."

"Unakula udongo kwa ajili ya nini, kujenga nyumba?"

Akaanza kulia. Alinishika kanga akaniomba nisiseme, safari hii ataificha mpaka ionekane, ikitoka tena hatakuwa na pa kuweka uso. Nikamkalisha. Nikamweleza yote, sindano, masikio, daktari. Nikamwonyesha binti yangu aliyekuwa anapanga vifuniko vya soda mbele yetu.

"Kesho mtakwenda mjini na baba, na mimi nakuja," nikasema. "Utaulizwa. Useme mwenyewe. Ukinyamaza, nitasema mimi."

"Huwezi, dada. Baba atakuwepo."

"Wewe ngoja."

Tulikwenda. Baraza ni lile lile, benchi lile lile. Tabibu ni yule yule, sasa ameota kitambi. Baba mkwe akasimama pembeni ya kiti, kofia mkononi, na mimi nikasimama nyuma yao. Umri? Kijiji? Umeshawahi kutibiwa kifua? Hakuinua macho. Mungu ni shahidi yangu, hakuinua macho.

"Una mimba?"

Yule msichana alitazama vidole vya miguu yake. Nilihesabu pumzi zake. Baba mkwe akageuza uso kuutazama mlima, kama siku ile, akasafisha koo. Nikaona mdomo wake unafunguka.

"Anayo!"

Nilipiga ukelele. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa heshima, nikapiga ukelele, mpaka mhudumu mwenye ndoo ya maji akaimwaga. "Anayo mimba, baba! Anayo, na hata mimi nilikuwa nayo, na wewe ulisema sina!"

Pale kwenye benchi hata waliokuwa wanakohoa waliacha. Baba mkwe alivaa kofia yake polepole, akashuka ngazi, akatoka getini bila kugeuka. Msichana alijifunika kanga usoni. Na tabibu, sasa ndiyo anainua macho, akamuuliza tena kwa upole, "Ni kweli, mama?" Kichwa ndani ya kanga kikatikisika kwamba ndiyo.

Basi akaishika kalamu, akakata neno moja kwenye kadi, akaandika jingine juu yake. Vidonge badala ya sindano. Ni hivyo tu. Mstari mmoja wa kalamu! Nilikaa chini pale pale sakafuni. Masikio ya mwanangu yalikuwa yanahitaji mstari mmoja wa kalamu.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza tabibu kwa nini asiwaulize wanawake ndani, peke yao. Akaniambia, mama, na foleni hii, chumba kiko wapi? Nikanyoosha kidole kwenye mlango uliokuwa nyuma ya kiti chake. Alicheka. Humo wanaweka mafagio, akasema.

Nyumbani niliadhibiwa. Mzee aliacha kula chakula nilichopika. Wazee wa ukoo wakakaa, nikaambiwa nimemvua nguo baba mkwe mbele ya umati na lazima niombe radhi. Nilikwenda, nikapiga magoti, nikasema naomba radhi kwamba nilipaza sauti. Wakangoja niendelee. Nikawaambia, sauti naiombea radhi, maneno siyaombei. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii alisema, mbele yao wote, "Mke wangu hana la kuongeza." Nilimsamehe mengi siku ile.

Mdogo wangu alimeza vidonge vyake, akapona, akajifungua mvulana. Alipokuwa wa wiki chache nilimchukua nje, nikaangusha kifuniko cha sufuria kwenye mawe. Alishtuka mwili mzima akaangua kilio. Mama yake akaja mbio kunigombeza kwa kumtisha mtoto, akanikuta ninalia kuliko yeye. Nilifurahi na nilikasirika papo hapo, na sijawahi kuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Mzee alirudi kula chakula changu pole pole, bila kutangaza. Siku moja, yule mvulana akiwa ameshajua kukimbia, nilimpelekea ugali, nikaweka kwenye stuli, nikageuka niondoke kama desturi.

"Mwanangu," akaniita. Alikuwa hajapata kuniita hivyo. "Siku ile yako. Kama ningekuuliza nyumbani, taratibu, kabla hatujaondoka. Ungeniambia?"

Nilifikiri kumdanganya ili apate nafuu. Nikashindwa.

"Hapana, baba. Nisingekuambia."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ungesogea tu, baba. Ungekwenda kusimama getini."

Alinawa mikono. Wajukuu wake wawili walikuwa wanacheza na vifuniko vya soda kule karibu na zizi, wametugeuzia mgongo. Akamwita binti yangu aje ale naye. Akamwita kwa jina lake, na tena, kwa sauti kubwa zaidi. Aliyegeuka ni yule mvulana.